Pudini ya mkate

Pudini ya mkate ni chakula kitamu kinachopikwa kwa mkate uliolala, maziwa, mayai na sukari. Vipande vya mkate hulowekwa katika maziwa yaliyopigwa pamoja na mayai, kisha hupikwa kwa mvuke au huokwa mpaka mayai yagande na kushikanisha vipande hivyo. Huliwa ikiwa ya moto au imepoa, mara nyingi pamoja na chai.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hasa mikoa ya Mbeya na Iringa, mahitaji yake yote hupatikana sokoni na madukani, na hali ya hewa ya baridi husaidia: kwa kawaida mkate hukauka kabla haujaota ukungu. Hata hivyo pudini huokoa mkate mkavu tu. Haiokoi mkate ulioharibika. Kutofautisha hali hizo mbili ni jambo la kwanza ambalo mpishi anapaswa kulijua.

Jina

Neno "pudini" limetokana na Kiingereza. Kwa Waingereza lina maana pana: hutaja vyakula vingi vya kuchemshwa au kuokwa, vya chumvi na vya sukari, na pia kitu chochote kitamu kinacholiwa kumalizia mlo. Katika Kiswahili hutumika zaidi kwa chakula laini chenye sukari.

Mkate unaotumiwa hujulikana kwa majina kadhaa. Ule wa kukatwakatwa huitwa mkate wa slesi. Zanzibar na Mombasa mkate wa dukani huitwa pia boflo. "Mkate uliolala" ni mkate wa jana au wa siku zilizotangulia. Neno "kiporo" lina maana ya karibu na hiyo, lakini husemwa zaidi kwa ugali, wali au maharage yaliyobaki usiku.

Historia

Kupika upya mkate mkavu ni desturi ya zamani katika nchi zinazokula ngano, kwa sababu mkate ulikuwa na thamani na haukutupwa ovyo. Nchini Uingereza maelezo ya kupika pudini ya mkate yamo katika vitabu vya upishi vya karne ya 18, kikiwemo kile cha Hannah Glasse kilichochapishwa London mwaka 1747. Chakula hiki kilienea pamoja na utawala wa Waingereza na kufika Afrika ya Mashariki, Afrika Kusini, India na visiwa vya Karibi.

Katika Nyanda za Juu Kusini mkate wa ngano haukuwa chakula cha asili. Wahehe, Wabena, Wasafwa na Wanyakyusa walitegemea ulezi, mtama, mahindi, ndizi, maharage na maziwa, kwa kiasi kilichotofautiana kati ya eneo na eneo. Mkate uliingia na wamisionari, maofisa wa serikali za kikoloni, walowezi na wafanyabiashara. Wamoravian, kwa mfano, walifungua kituo chao cha Rungwe mwaka 1891. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza, na vyakula vya Kiingereza vikaingia katika nyumba za watumishi wa serikali, hoteli na masomo ya upishi shuleni, ambayo baadaye yalijulikana kama sayansikimu.

Baada ya uhuru usafiri ulibadili upatikanaji wa unga. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilitiwa lami, na reli ya TAZARA, inayopita Makambako na Mbeya, ilijengwa kati ya miaka 1970 na 1975. Ngano hulimwa pia katika nyanda hizi, hasa sehemu za baridi, lakini sehemu kubwa ya ngano inayotumika Tanzania huagizwa kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo mkate unaotupwa ni chakula kilichosafiri mbali kabla ya kufika mezani.

Kwa nini mkate hukauka

Watu wengi hudhani kwamba mkate huwa mgumu kwa kupoteza maji peke yake. Sababu kubwa zaidi ni wanga. Mkate unapookwa, wanga hunyonya maji na kulainika. Unapopoa, chembe za wanga huanza kujipanga upya na kukaza, na mkate hugumuka hata kama umefungwa vizuri kwenye mfuko. Mabadiliko hayo huenda kwa kasi zaidi katika ubaridi usiofikia kuganda. Ndiyo maana mkate uliowekwa kwenye friji hugumuka upesi kuliko ule ulioachwa kabatini.

Ukungu hufuata kanuni tofauti: hupenda joto na unyevu. Matokeo yake huonekana wazi mtu anaposhuka kutoka milimani. Mjini Iringa au Mbeya, katika miezi ya Juni na Julai, hewa ni baridi na kavu, hivyo mkate hugumuka lakini huweza kukaa siku kadhaa bila ukungu. Kyela, iliyo karibu na Ziwa Nyasa na chini sana kuliko Mbeya, kuna joto na mvua nyingi, na mkate huota ukungu upesi. Tukuyu ni baridi kuliko Kyela, lakini mvua zake nyingi hufanya mkate usitunzike kwa muda mrefu. Mazoea ya mpishi wa Iringa hayafai kuhamishiwa Kyela au Dar es Salaam bila kukagua mkate upya.

Ugumu unaotokana na wanga hurudi nyuma mkate ukilowa na kupata moto tena. Hiyo ndiyo siri ya pudini. Mkate mkavu hunyonya maziwa mengi bila kumomonyoka, wakati mkate mbichi wa siku hiyo hugeuka uji.

Mkate unaofaa na usiofaa

Mkate unaofaa ni mkavu, hauna madoa, na harufu yake ni ya kawaida. Skonzi na maandazi yaliyolala yanaweza kutumika, ila maandazi huwa na mafuta na sukari, hivyo sukari ya pudini hupunguzwa.

Mkate usiofaa ni huu:

- Mkate wenye ukungu wa rangi yoyote, uwe mweupe, wa kijani, wa buluu au mweusi.
- Mkate wenye harufu ya uvundo, hata kama ukungu hauonekani.
- Mkate ambao ndani yake unanata, una harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi, na ukivutwa hutoa nyuzi. Hali hii husababishwa na bakteria ambao mbegu zao huweza kustahimili joto la tanuri, na hutokea zaidi wakati wa joto.
- Mkate uliotafunwa na panya au uliopitiwa na mende.

Kukata sehemu yenye ukungu na kutumia iliyobaki si salama. Mkate una matundu mengi, na nyuzi nyembamba za ukungu hupenya ndani kabla doa halijaonekana juu. Slesi zilizokuwa katika mfuko mmoja na slesi yenye ukungu nazo huachwa.

Baadhi ya aina za ukungu hutoa sumu zinazoitwa sumukuvu, na joto la kupikia haliziondoi. Tanzania ilipata funzo kali mwaka 2016, watu walipougua na wengine kufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Chanzo kilikuwa mahindi, si mkate, lakini kanuni ni ileile: chakula chenye ukungu hakisafishwi kwa moto. Kwa sababu hiyo mkate wa namna hiyo haupewi kuku wala ng'ombe. Sumukuvu iliyo katika malisho ya ng'ombe inaweza kutoka katika maziwa yake na kumrudia binadamu. Mahali pake ni shimo la mboji.

Mahitaji

Kiasi kifuatacho hutosha watu 6:

- mkate uliolala, slesi 8 (karibu gramu 250)
- maziwa, mililita 600
- mayai 3
- sukari, vijiko vikubwa 4
- siagi au majarini, kijiko kikubwa 1 na kidogo cha kupaka chombo
- chumvi, kiasi kidogo sana
- iliki, mdalasini au kungumanga iliyosagwa, nusu kijiko cha chai
- zabibu kavu, konzi moja, kwa anayependa

Maziwa yanayonunuliwa kwa mfugaji huchemshwa kwanza, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kueneza kifua kikuu cha ng'ombe na brusela. Maziwa ya pakiti yaliyosindikwa hayahitaji kuchemshwa upya, bali hupashwa moto tu. Mtindi haufai badala ya maziwa: ukipata moto pamoja na mayai hukatika na kutoa maji.

Namna ya kupika

Kuandaa

1. Mkate hukatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Maganda si lazima yaondolewe.
2. Chombo cha kupikia, yaani bakuli la bati au sufuria ndogo, hupakwa siagi.
3. Maziwa hupashwa pamoja na siagi, sukari, chumvi na viungo mpaka yawe vuguvugu. Yakiwa ya moto sana huachwa yapoe.
4. Mayai hupasuliwa moja moja katika kikombe ili yai viza lisiharibu mengine, kisha hupigwa kwa uma.
5. Maziwa humiminwa kidogo kidogo juu ya mayai huku yakikorogwa. Mayai yakimwagiwa maziwa yanayochemka huiva papo hapo na kufanya vidonge.
6. Mkate na zabibu hupangwa katika chombo, na rojo la maziwa na mayai humiminwa juu yake. Vipande hukandamizwa kwa mwiko mpaka vyote vilowe.
7. Chombo hufunikwa na kuachwa kwa dakika 20 hadi 30. Mkate mkavu sana huhitaji muda wote huo. Ukipikwa mapema, katikati ya vipande hubaki pagumu.

Kwa mvuke

Njia hii hufaa nyumba isiyo na oveni, kwa jiko la mkaa, la gesi au la umeme. Kitambaa kilichokunjwa au kisahani huwekwa katika kitako cha sufuria kubwa, na bakuli la pudini hukaa juu yake. Maji ya moto humiminwa mpaka nusu ya kimo cha bakuli. Bakuli hufunikwa kwa sahani au karatasi ya alumini ili matone ya mvuke yasidondoke ndani, na sufuria hufunikwa kwa mfuniko wake. Moto huwa mdogo, maji yakitokota taratibu, kwa dakika 50 hadi 60. Maji yakipungua huongezwa ya moto, si ya baridi.

Kwa makaa juu na chini

Sufuria nzito yenye mfuniko bapa huwekwa juu ya makaa machache, na makaa mengi zaidi hupaliwa juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, pudini huungua kwenye kitako kabla ya juu kuiva. Kwa kawaida huchukua dakika 35 hadi 45. Njia hii hutoa uso wa rangi ya kahawia ambao mvuke hauwezi kutoa. Jiko la mkaa halitumiwi ndani ya chumba kilichofungwa, hata wakati wa baridi kali, kwa kuwa hewa yake yenye kaboni monoksidi huua bila harufu.

Kwa oveni

Pudini huokwa kwa nyuzi 180 za sentigredi kwa dakika 40 hadi 45. Ikiwekwa ndani ya trei yenye maji ya moto huiva kwa ulaini zaidi.

Kujua kama imeiva

Kisu kikichomekwa katikati hutoka bila rojo. Chombo kikitikiswa kidogo, katikati hutetemeka kama jeli lakini hapachezi kama maji. Pudini huachwa itulie kwa dakika 10 kabla ya kukatwa.

Athari ya mwinuko

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa karibu mita 1,600. Katika mwinuko huo maji hutokota kwenye nyuzi 94 hadi 95 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva huko kuliko pwani.

Kwa pudini tofauti hiyo haina madhara makubwa. Rojo la mayai na maziwa huganda kabla ya kufikia joto la kutokota, kwenye nyuzi 80 hivi, na likizidi hapo sana hukatika. Mvuke wa nyanda za juu kwa hiyo unatosha kuivisha, ila mpishi anayefuata maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya pwani huongeza dakika chache na kupima kwa kisu badala ya kutegemea saa peke yake. Kuongeza ukali wa moto hakusaidii, kwani maji yanayotokota kwa nguvu hayana joto zaidi ya yale yanayotokota taratibu. Mkaa ndio unaokwisha.

Dosari na sababu zake

- Maji yamejitenga chini: moto ulikuwa mkali au pudini ilikaa jikoni kupita kiasi, mayai yakakatika.
- Haikushikana: mayai ni machache, maziwa yamezidi, au haijaiva.
- Ni kama uji: mkate ulikuwa mbichi. Slesi za aina hiyo hukaushwa kwanza juani zikiwa zimefunikwa kwa chandarua, au karibu na jiko.
- Ina vipande vikavu ndani: haikulowekwa vya kutosha.
- Harufu ya mayai imezidi: mayai hayakupigwa vizuri, au viungo ni kidogo.

Matunda na viungo vya nyanda za juu

Ndizi mbivu, zinazolimwa kwa wingi wilayani Rungwe, hupangwa katikati ya tabaka za mkate na kuruhusu sukari kupunguzwa. Matufaa, peasi na pichi za Njombe na Makete hukatwa vipande vyembamba na kuchemshwa kidogo kwanza, kwa sababu yakiwekwa mabichi hutoa maji ndani ya rojo. Parachichi, ambalo limekuwa zao kubwa la biashara la Njombe na Rungwe, halipikwi ndani ya pudini. Likipata moto kwa muda mrefu huwa na uchungu, hivyo huliwa pembeni.

Pwani na visiwani tui la nazi huweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maziwa. Tui lina mafuta mengi lakini protini kidogo, kwa hiyo haliongezi chochote katika kugandisha, na idadi ya mayai haipunguzwi. Kinywaji kinachoendana na pudini ni chai, ambayo hulimwa Mufindi na Rungwe.

Lishe

Nyanda za Juu Kusini ni ghala la chakula la Tanzania, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta mikoa yake ikiongoza kwa udumavu wa watoto walio chini ya miaka 5: Iringa asilimia 57, Njombe 50 na Rukwa 50, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi, usafi, lishe ya mama wajawazito na muda mdogo wa kumlisha mtoto. Mojawapo ni mlo wa mtoto kuwa wanga mtupu, huku mayai na maziwa ya nyumbani yakipelekwa sokoni.

Pudini ya mkate haiwezi kuponya udumavu, lakini inaonyesha tofauti kati ya kushiba na kulishwa. Slesi 8 peke yake zina protini karibu gramu 20. Zikiliwa na chai ya rangi na watu 6, kila mmoja hupata kama gramu 3. Mayai 3 huongeza gramu 18 hivi, na mililita 600 za maziwa gramu 20. Mkate uleule sasa humpa kila mlaji karibu gramu 10, pamoja na kalisi na vitamini A. Thamani ya chakula hiki imo katika maziwa na mayai. Pudini iliyopunguzwa mayai na kuongezwa sukari ni mkate mtamu uliolowa, basi.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 hupikwa bila sukari, na ndizi mbivu hutumika kuitia utamu. Mayai yake yawe yameiva kabisa. Asali haitumiwi kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Watu wenye kisukari huzingatia kwamba mkate mweupe wenyewe huongeza sukari mwilini, hata kama pudini haikutiwa sukari.

Kuhifadhi

Pudini ina mayai na maziwa, hivyo haidumu kama mkate ulioipika. Isiyoliwa huwekwa kwenye friji ndani ya saa 2 na kuliwa katika siku 2 au 3. Mahali pasipo na friji hupikwa ya kutosha mlo mmoja. Baridi ya Iringa usiku si friji, na pudini iliyolala mezani haipewi mtoto asubuhi.

Mkate wenyewe ukibaki kidogo kidogo hukaushwa kabisa na kuwekwa katika chombo kikavu chenye mfuniko mpaka zitimie slesi 8. Ukiwekwa ukiwa na unyevu, au ukifungwa ungali na joto, huota ukungu, na hapo haufai tena kwa pudini.

Vyakula vinavyofanana

Mataifa mengi yana namna yake ya kuokoa mkate. Wamisri wana um ali, unaopikwa kwa mkate au chapati nyembamba, maziwa na karanga. Wahindi na Wapakistani hukaanga slesi na kuzimwagia maziwa mazito yenye iliki, chakula kinachoitwa shahi tukra. Wafaransa huchovya slesi katika mayai na maziwa na kuzikaanga, na jina lake kwa lugha yao lina maana ya mkate uliopotea. Wameksiko hupika capirotada wakati wa Kwaresima. Nchini Tanzania jamaa yake wa karibu ni slesi za mayai za kukaanga, ambazo huiva upesi lakini hutumia mafuta zaidi.

Tazama pia

Mkate
Ngano
Sumukuvu
Udumavu
Mkoa wa Iringa
Mkoa wa Mbeya